Mrs Carter Hakuwa Mke wa Mtu: Safari ya Majina ya Heshima ya Wanawake katika Kiingereza

Mwezi uliopita mshairi mwenzangu, ambaye hujishughulisha pia na kufasiri, aliniletea kurasa chache za tafsiri yake nizipitie. Zilihusu waandishi wa Kiingereza wa karne ya 18. Kazi ilikuwa safi na lugha imenyooka, ila mahali pamoja kalamu yangu ilisita. Katika matini ya asili palikuwa na mwandishi aliyeitwa Mrs Carter. Mwenzangu akamwandika "mke wa Bwana Carter". Ukimuuliza yeyote aliyesoma Kiingereza shuleni, atakuambia tafsiri hiyo haina kasoro. Sote tulifundishwa hivyo: Mr ni bwana, Mrs ni mwanamke aliyeolewa, Miss ni ambaye hajaolewa. Somo likaishia hapo.

Lakini Elizabeth Carter hakuolewa maisha yake yote. Alizaliwa mwaka 1717 katika mji wa Deal, pwani ya Kent, akafariki mwaka 1806. Alikuwa mshairi na mjuzi wa lugha, na mwaka 1758 alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya mafundisho ya Epictetus, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyezaliwa utumwani. Kazi hiyo ilimpatia sifa, ikampatia na fedha. Carter lilikuwa jina la baba yake. Huyo "Bwana Carter" wa kumuoa hakuwahi kuwapo. Hata hivyo watu wa zama zake walimwita Mrs Carter, na hakuna aliyeona ajabu.

Imekuwaje basi neno moja lizae maana mbili zinazogombana? Nimeona si vibaya nikiitoa nje ya faragha mazungumzo yangu na mwenzangu huyo, maana swali lake ni la kila mtu anayefasiri, anayetunga, au anayependa tu kujua maneno yametoka wapi. Tena si swali la kamusi peke yake. Ndani yake mna mali, mna sheria, na mna mwanamke aliyelala jela kwa sababu ya neno la silabi moja.

Mwenye nyumba, mwenye kazi, mwenye amri

Mrs ni kifupisho cha mistress. Neno hili liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, ambamo liliandikwa maistresse. Lilikuwa mwenza wa kike wa maistre, na mizizi ya yote mawili imo katika Kilatini magister, yaani mkuu au mwalimu. Kwa upande wa wanaume neno hilohilo lilikuwa master, ambalo baadaye lilitamkwa kwa wepesi likawa mister. Mr na Mrs, kwa hiyo, ni ndugu wa tumbo moja, na wote wawili walizaliwa wakiwa na maana ya mamlaka.

Mistress alikuwa mwanamke mwenye watu chini yake: watumishi wa nyumbani, wanafunzi, au wanagenzi waliojifunza kazi dukani kwake. Angeweza kuwa ameolewa, mjane, au hajawahi kuolewa. Wala neno halikuuliza. Lilichotaka kujua ni kama mwanamke huyu ana hadhi katika jamii au ana kazi anayoisimamia. Mwanahistoria Amy Erickson wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilichunguza jambo hili katika kumbukumbu za kale, na katika makala aliyoichapisha mwaka 2014 alionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya historia yake Mrs haikuwa alama ya ndoa hata kidogo. Wanawake wafanyabiashara wa mijini waliitwa Mrs kwa sababu ya biashara zao.

Wasanii nao waliitwa hivyo. Anne Bracegirdle, mwigizaji mashuhuri wa London mwishoni mwa karne ya 17, alitangazwa kwa jina la Mrs Bracegirdle ilhali hakuwa na mume. Katika nyumba za matajiri, msimamizi mkuu wa watumishi wa kike na mpishi mkuu waliitwa Mrs hata wakiwa hawajaolewa, na desturi hiyo iliendelea hadi karne ya 19 na zaidi.

Shahidi mwingine ni Samuel Johnson, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1755. Chini ya mistress aliorodhesha maana 6: mwanamke anayetawala, mwanamke stadi wa jambo, mwalimu wa kike, mwanamke anayependwa na kuposwa, namna ya kumwita mtu kwa kejeli, na mwisho kahaba au hawara. Msomaji apitishe kidole juu ya orodha hiyo mara mbili. Mke hayumo. Johnson alikuwa rafiki wa Elizabeth Carter, na inasimuliwa kwamba alimsifu kwa kuweza kupika pudini sawasawa na kumfasiri Epictetus. Aliposema Mrs Carter, alikuwa akimpa mwanamke huyu haki yake kama mtu mzima mwenye elimu na hadhi.

Miss: neno lililoanzia pabaya

Miss nayo ni mtoto wa mistress. Ni neno lilelile lililokatwa mkia. Lilianza kusikika katika karne ya 17, na mwanzo wake haukuwa wa heshima tupu. John Evelyn, bwana aliyeweka shajara kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1662 juu ya mwigizaji mmoja aliyewekwa kinyumba na mkuu wa Oxford, akaeleza kwamba siku hizo watu walikuwa wameanza kuwaita miss wanawake wa namna hiyo. Sambamba na maana hiyo, neno lilitumika pia kwa wasichana wadogo wa familia bora, kama vile master lilivyobaki kwa wavulana wao.

Katikati ya karne ya 18 yakatokea mageuzi. Wanawake watu wazima wa tabaka la juu ambao hawajaolewa walianza kuitwa Miss badala ya Mrs. Kwa maelezo ya Erickson, jambo hili lilikuwa la kitabaka kabla ya kuwa la ndoa: binti wa nyumba kubwa hakutaka kuitwa sawa na mwenye duka la vitambaa au msimamizi wa jiko. Alipoacha Mrs alikuwa anajitenga na wanawake wanaofanya kazi.

Walioisoma riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, *Pride and Prejudice*, wanajua jinsi Miss ilivyokuwa na sheria zake. Binti mkubwa ndiye aliyeitwa Miss Bennet, bila jina lake mwenyewe. Wadogo zake waliitwa Miss Elizabeth, Miss Mary, na kuendelea. Mkubwa akiolewa, anayemfuata hupanda daraja. Jina la heshima likawa kama kiti katika foleni ya kuposwa.

Matokeo yake yalikuwa mazito kuliko walivyokusudia walioanzisha mtindo huo. Maadamu Miss ilimaanisha hajaolewa, Mrs ililazimika kumaanisha ameolewa. Neno lililokuwa la kazi na hadhi likageuka kuwa habari ya ndoa. Na hapa wanaume wakaachwa salama: Mr ilibaki ileile kwa kijana, kwa mume na kwa mjane. Hakuna aliyeona haja ya kujua.

Jina lililomezwa

Mrs ilipokwisha kufungwa kamba ya ndoa, haikukawia kuvutwa hatua nyingine. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 mwanamke wa tabaka la juu aliweza kuitwa Mrs kwa majina yote mawili ya mumewe. Katika riwaya nyingine ya Austen, *Sense and Sensibility* ya mwaka 1811, yumo Mrs John Dashwood. John si jina lake. Ni la mume. Jina alilopewa na wazazi wake linatoweka mbele za watu.

Hili halikuwa pambo la adabu tu. Sheria ya Uingereza ilikuwa imekwisha kusema jambo hilohilo kwa lugha yake. William Blackstone, mwanasheria ambaye juzuu ya kwanza ya maelezo yake ya sheria ilitoka mwaka 1765, alieleza kwamba kwa ndoa mume na mke huwa mtu mmoja kisheria, na nafsi ya mke husitirika chini ya ile ya mume. Kwa kawaida mali yake ya kuhamishika ilikuwa ya mume, na ujira wake vilevile. Ilibidi zipite sheria za mwaka 1870 na 1882 ndipo mke wa Kiingereza aweze kumiliki mali kwa jina lake. Mtu asiyekuwa na mali kwa jina lake, si ajabu akikosa na jina lenyewe.

Huko Marekani, Lucy Stone, msemaji hodari wa haki za wanawake, alipoolewa na Henry Blackwell mwaka 1855 alikataa kuitwa kwa jina la mumewe. Mwaka 1879 jimbo la Massachusetts liliwaruhusu wanawake kupiga kura katika uchaguzi wa kamati za shule. Stone akaenda kujiandikisha, akakataliwa kwa kuwa hakutumia jina la Blackwell. Yeye aliyeipigania kura kwa miongo kadhaa aliikosa kwa sababu ya jina, na hakukubali kulibadilisha ili aipate.

Maneno yaliyoporomoka

Kabla hatujaendelea, tuangalie yaliyolipata neno mistress lenyewe, lile zima lisilokatwa. Lilipokwisha kutoa watoto wawili, mmoja wa walioolewa na mmoja wa wasioolewa, lenyewe liliachiwa makombo. Leo mtu akisema kwa Kiingereza kwamba bwana fulani ana mistress, hakuna anayefikiria mwalimu wala stadi. Kila mtu anaelewa hawara. Master, ndugu yake, angali anakaa juu: ni fundi bingwa, ni shahada ya chuo kikuu, ni nahodha.

Madam lina kisa kinachofanana. Kwa Kifaransa ni ma dame, bibi yangu, na dame linatokana na Kilatini domina, yaani bibi mwenye nyumba, kutoka domus, nyumba. Ni neno ambalo hata Malkia wa Uingereza aliitwa kwalo, likiwa limefupishwa kuwa ma'am. Lakini ni neno hilohilo la Kiingereza linalomtaja mwanamke mwenye danguro. Hussy, tusi la kumwita mwanamke asiye na haya, lilikuwa zamani ni housewife, mama wa nyumba, kabla ya ndimi kulikata.

Lady limebahatika zaidi, na asili yake itawapendeza wapenda maneno. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa hlæfdige: sehemu ya kwanza ni mkate, ya pili ni kukanda. Lady ni mkanda mkate. Mumewe, lord, alikuwa hlafweard, mlinzi wa mkate. Mmoja anakanda unga, mwingine analinda mkate uliokwisha kuiva, na vyeo viwili vikubwa vya ufalme vikazaliwa jikoni. Yaani hata katika neno lililopanda hadi ikulu, alama za unga bado zinaonekana kwenye mikono ya mwanamke.

Barua katika nyumba moja ya New York

Sasa tuje kwa Ms, ambayo wengi hudhani ilibuniwa na wanaharakati wa miaka ya 1970. Sivyo. Tarehe 10 Novemba 1901 gazeti la Springfield, Massachusetts, lilichapisha pendekezo la mwandishi asiyetajwa jina. Hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa: Kiingereza kina pengo, kwa sababu ukimwita aliyeolewa Miss unamkosea, na ukimwita asiyeolewa Mrs unamkosea pia, basi tuandike Ms, na tuitamke Miz, kama wakulima wengi walivyokuwa wakitamka tayari bila kujali aliyeolewa na asiyeolewa. Pendekezo likalala. Katika miaka ya 1950 liliamshwa na wafanyabiashara, waliotuma barua nyingi kwa wateja wasiowafahamu na wasiotaka kuwaudhi. Ms ilikuwa dawa ya makarani.

Mwaka 1961, katika nyumba moja ya kupanga mjini New York, vijana wawili wa kike waliishi pamoja. Mmoja alikuwa Sheila Michaels, mzungu, mzaliwa wa St. Louis. Wa pili alikuwa Mary Hamilton, Mmarekani mweusi. Wote wawili walikuwa wanaharakati wa haki za kiraia katika shirika la CORE. Siku moja Michaels aliona chapisho la Kimarx lililoletwa na posta kwa ajili ya mwenzake, na katika anwani yake jina la Hamilton lilitanguliwa na Ms. Alidhani ni kosa la mpiga chapa. Alipotambua kuwa si kosa, neno lile halikumtoka tena kichwani. Wazazi wake hawakuwa wameoana, hakutaka kuitwa mali ya baba wala mali ya mume, na mbele yake alikuwa ameliona neno lisilouliza swali hilo.

Miaka miwili baadaye, mwenye barua ile alikuwa kizimbani. Mwezi Juni 1963, mjini Gadsden, Alabama, Mary Hamilton alitoa ushahidi katika shauri lililotokana na kukamatwa kwa waandamanaji. Mashahidi weupe waliitwa kwa Mr, Mrs na Miss. Hamilton alijitaja kuwa Miss Mary Hamilton. Mwendesha mashtaka akamwita Mary. Akamsahihisha, akataka aitwe ipasavyo. Hakimu akamwamuru ajibu swali. Akasema hatajibu mpaka aitwe ipasavyo. Alihukumiwa kwa kuidharau mahakama: jela siku 5 na faini ya dola 50.

Ili tuelewe uzito wa jambo hilo, yafaa tujue desturi ya kusini mwa Marekani wakati ule. Mweusi hakuitwa Mr, Mrs wala Miss na mtu mweupe. Aliitwa kwa jina lake la kwanza, kama mtoto. Mwanamume aliitwa boy hadi mvi zimjae. Akizeeka aliitwa mjomba, na mwanamke mzee akaitwa shangazi. Hapa Mswahili anaweza kushtuka, kwani kwetu shangazi na mjomba ni majina ya heshima na mapenzi. Kule yalikuwa njia ya kukwepa heshima: mwenye kulitamka alimpa yule bibi mzee neno la ukoo ili asilazimike kumpa neno la hadhi. Nasi Afrika Mashariki tuliionja ladha hiyo. Wakati wa ukoloni mtumishi wa nyumbani, hata akiwa na wajukuu, aliitwa boi, naye alitakiwa kumjibu mke wa mzungu kwa neno memsahib, ambalo mem yake ni ma'am ileile iliyopitia India.

Shauri la Hamilton lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Machi 1964 hukumu dhidi yake ikabatilishwa. Mahakamani, shahidi mweusi alistahili kuitwa kwa heshima sawa na shahidi mweupe.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo. Wanawake wawili, paa moja. Mmoja anakwenda jela ili aitwe Miss. Mwingine anatafuta namna ya kuondokana na Miss. Mtu wa haraka atasema wanapingana. Mimi naona walidai kitu kimoja. Hamilton hakupigania kutangaza kwamba hajaolewa. Alipigania kile ambacho Mrs Carter alikuwa nacho bila kukiomba: kutambuliwa kuwa ni mtu mzima mwenye hadhi, mbele ya wanaotaka kumfanya mtoto. Michaels naye alidai hadhi hiyohiyo, bila kwanza kuulizwa ni ya nani. Kwa Hamilton, Miss ilikuwa ni mlango aliofungiwa nje. Kwa Michaels, ilikuwa chumba alichofungiwa ndani.

Yaliyobaki yalikwenda kasi. Mnamo mwaka 1969 Michaels alizungumzia Ms katika redio ya WBAI ya New York. Habari zikamfikia Gloria Steinem na wenzake waliokuwa wakitafuta jina la jarida jipya. Toleo la majaribio la *Ms.* lilitoka mwishoni mwa mwaka 1971 ndani ya jarida jingine. Lilipouzwa peke yake mwanzoni mwa mwaka 1972, nakala 300,000 zilikwisha kwa siku 8. Mwaka huohuo wa 1972 idara ya uchapaji ya serikali ya Marekani ikaikubali Ms katika nyaraka rasmi.

Gazeti la New York Times liligoma kwa miaka 14 zaidi. Mwaka 1984 Geraldine Ferraro aligombea umakamu wa rais. Mumewe aliitwa Zaccaro, naye mwenyewe alitumia jina la baba yake. Gazeti lilimwita Mrs Ferraro, ingawa kwa kanuni ya gazeti hilohilo Mrs Ferraro hasa alikuwa mama yake. Hata William Safire, mwandishi wa safu ya lugha katika gazeti hilo, aliandika kwamba sasa Ms haikwepeki. Mwezi Juni 1986 gazeti likasalimu amri. Wengine walichukua njia nyingine: Wajerumani wa Magharibi waliondoa Fräulein katika ofisi za serikali mwaka 1972, na Wafaransa wakaondoa mademoiselle katika fomu rasmi mwaka 2012. Wao hawakubuni neno la tatu; walilirudisha la mwanamke mtu mzima liwatoshe wote.

Nasi je?

Nilipomaliza kumsimulia mwenzangu haya, aliniuliza: "Kwa hiyo nimwiteje?" Nikamjibu: Bi. Carter. Akacheka, kwa sababu jibu lilikuwa mdomoni mwetu siku zote.

Bi. ni kifupisho cha bibi, neno tulilolipata kutoka Kiajemi, na maana yake ya awali ni mwanamke mwenye hadhi. Halisemi ameolewa wala hajaolewa. Tunasema Bi. kwa msichana aliyeajiriwa jana na kwa mjane wa miaka 80. Mwana, lililotumika kwa mabibi wa pwani ya kaskazini, lilikuwa vilevile. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, na utendi wenyewe unamfunza bintiye utiifu kwa mume. Lakini jina lililobaki katika fasihi ni lake na la baba yake. Hakuna aliyewahi kumwita "Bibi Mataka" akadhani amemtaja mshairi.

Hata hivyo tusijipige kifua. Sarufi yetu yenyewe humfanya mwanamume aoe na mwanamke aolewe. Na bibi, enzi za utumwa, lilikuwa na kinyume chake: mjakazi. Si kila mwanamke wa Unguja aliitwa Bi. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba katika miaka ya 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, aliitwa Mtumwa. Alipopata umaarufu akaitwa Siti, neno la Kiarabu la kumwita bibi mwenye hadhi. Tunamjua kama Siti binti Saad, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Umbali kati ya Mtumwa na Siti ndio umbali ambao Mary Hamilton aliutembea kizimbani.

Na siku hizi tunaazima tena, bila kuuliza bei. Kadi za harusi zinaandika Mr & Mrs kisha jina la mume peke yake. Hata tukifasiri tunaandika "Bw. na Bi. Fulani", Fulani akiwa mume, na bibi harusi tuliyemjua kwa jina lake tangu utotoni anatoweka kwenye kadi tuliyoichangia. Wanafunzi wanamwita mwalimu wa kike madam, ilhali mwalimu ni neno linalomtosha kila afundishaye. Sisemi tuyafukuze maneno ya watu. Kiswahili kimejengwa kwa kuazima. Nasema tu kwamba anayeazima nguo atazame kwanza imeshonwa kwa kipimo cha nani.

Kwa wanaofasiri, nashauri hivi: ukikutana na Mrs, tazama mwaka kabla hujatazama kamusi. Kabla ya katikati ya karne ya 18 usimpe mtu mume ambaye hakuwa naye. Ukikutana na Miss kinywani mwa Hamilton, usiandike "msichana", maana hilo ndilo alilolikataa. Andika Bi. Na Ms pia ni Bi.; Waingereza na Wamarekani wamezunguka miaka 200 kurudi ilipokuwa Mrs ya kwanza.

Mwenzangu amekwisha kusahihisha kurasa zake. Nami nafunga kwa ubeti mmoja, walio na wa kujibu wajibu:

Mwite kwa jina la haki, naye ataitikia,
Dharau haifichiki, hata ukiipambia,
Wala heshima si chaki, ya mvua kujifutia,
Mwanamke si miliki, jinale ni lake pia.